Hesabu ya Miezi Minne na Siku Kumi

Kila asubuhi nilipita vyumba kumi vya upande wa mashariki na fomu moja ya mistari, nikaandika nani atakula nini. Uji, mkate wa kuchoma, yai, chai ya sukari, chai kavu. Asiyeweza kuja ukumbini nilimwandikia "kitandani". Baada ya saa moja nilirudi na karatasi ileile nikaandika nani ameacha nini. Zikishapita jikoni hazikuwa na kazi tena, na mpishi alizitupa. Nilimwomba aniwekee. Nyuma zilikuwa nyeupe, na mimi wakati ule nilikuwa najifundisha hisabati kwa vitabu vya maktaba, nikihitaji karatasi za kufanyia mazoezi.

Nilikuwa na miaka arubaini na tatu. Unguja niliacha shule mapema, nikafanya kazi ya ukarani wa ghala, na London niliingia mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nyumba ile ya wazee ilikuwa safari ya basi moja kutoka Peckham, nilikokaa na mke wangu: ghorofa mbili za matofali, wakazi arubaini na mmoja, kapeti ya kijani kila mahali hata chooni. Kazi yangu ilikuwa kuosha, kuvisha, kulisha, kugeuza. Hakuna aliyenituma kuandika kiasi cha uji kilichobaki. Fomu ilikuwa na nafasi hiyo, nami nafasi tupu kwenye fomu hunisumbua.

Chumba cha saba alikuwamo mzee wa Kipemba, mwalimu mstaafu, aliyetoka kwao miaka ya sitini na asirudi tena. Alikuwa amepooza upande wa kushoto. Mkewe alimuuguza nyumbani miaka miwili, mpaka mgongo wa mama yule ukamkatalia. Kumpeleka mume nyumba ya wazee si jambo dogo kwetu. Watu walisema, na waliosema zaidi ni wale ambao hawakuwahi kuja kumsaidia kumgeuza. Yeye hakuwajibu. Alikuja kila siku alasiri kwa basi, na chupa ya uji wa mtama ndani ya mkoba, akamlisha mumewe mwenyewe.

"Uji wenu huu, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, akiinua kijiko na kukitazama, "unafaa kubandikia matangazo ukutani."

"Ni wa oti, Bi mkubwa."

"Basi mpeni farasi."

Mzee akacheka kwa upande wake mzima. Ulimi ulikuwa mzito, lakini akili ilikuwa palepale. Aliponiona na karatasi yangu aliniita karani. "Karani, andika: mgonjwa ameletewa gundi, ameikataa." Kwa kuwa sote tulitoka upande mmoja wa dunia, na kwa kuwa bintiye alifanya kazi mbali, nikawa mtu wa kati baina ya familia ile na ofisi. Bi mkubwa alinisemesha mimi, nami nikamsemesha meneja.

Majira ya baridi ninayoyaeleza yalikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Magazeti yaliandika kuwa hospitali zimejaa, kuna homa kali ya mafua. Kwenye nyumba yetu kulikuwa na kikohozi. Ndivyo tulivyokiita, kikohozi, na baadaye "kifua". Wakazi wawili watatu walibaki kitandani, kisha wengi zaidi. Gari la wagonjwa lilikuja, likaja tena. Watu wa zamu walipungua, na waliobaki walifanya kazi ya wasiokuwepo, kwa hiyo hakuna aliyekaa kufikiri.

Jumapili moja Bi mkubwa alikuja akikohoa. Nilimwona mlangoni amejifunga shali mpaka puani. Nilimwambia angepumzika nyumbani. Akasema, "Nisipokuja atakula gundi." Aliingia, akamlisha, akamfuta mdomo kwa leso yake mwenyewe, akaondoka. Siku iliyofuata hakuweza kuja, alilala. Mzee alishikwa na homa, kisha pumzi zikawa fupi. Alhamisi mchana akafa. Nilikuwepo, na nilimtamkia shahada, na nilimfumba macho.

Daktari wa kliniki ya jirani alifika saa kumi jioni. Alikuwa mtu wa haki, amechoka, koti limelowa mvua. Alimtazama mzee, akasoma maandishi ya wiki ile, akaniuliza kama familia iko njiani. Nikamwambia binti yuko njiani, na kwamba sisi hatulazi maiti. Kama karatasi zingepatikana, ofisi ya usajili ingefunguliwa asubuhi, na mzee angezikwa kesho, Ijumaa, baada ya sala. Kwa mtu wa dini yetu hiyo ni heshima kubwa.

"Nadhani ni homa ya mafua," daktari alisema. "Lakini sikumchukua kipimo. Nikiiandika, huenda msajili akauliza, huenda afisa wa kuchunguza vifo akataka kuuona mwili. Huenda asitake. Siwezi kukuahidi kesho."

Neno "kuuona mwili" ndilo nililolisikia. Nilijua maana yake ni kisu cha kupasulia maiti.

"Andika lolote la kweli litakaloruhusu azikwe kesho," nikasema.

Kwenye cheti cha kifo aliandika nimonia. Chini yake akaandika kupooza. Yote mawili yalikuwa kweli. Nilikitia cheti katika bahasha nikampa binti alipofika, na asubuhi alienda nayo usajili. Mzee tulimwosha watu wanne, tukamsalia, tukamzika Ijumaa alasiri katika matope. Watu walisema maziko yalikuwa mepesi, na mimi niliridhika nafsi yangu.

Bi mkubwa akakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na hakai na wanaume wasio maharimu wake. Mimi nisingeweza kumwona. Mke wangu alikwenda kumkagua kila Jumamosi, na habari zote za nyumba ile nilizipata kwake, akivua viatu.

Jumamosi ya tatu aliingia hakuvua.

"Bi mkubwa wako anasema yeye ndiye aliyemuua mumewe."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe. Cheti kimeandikwa nimonia. Bintiye alimsomea. Kasema nimonia hutoka wapi kama si kwenye kikohozi? Na kikohozi nani aliingia nacho? Siku ile Jumapili alimfuta mdomo kwa leso aliyokoholea." Mke wangu akakaa kitini na koti lake. "Akitoka eda anafunga miezi miwili. Mfululizo. Kafara ya kuua kwa makosa."

"Yule ana kisukari."

"Najua ana kisukari! Anajidunga sindano mbele yangu. Bintiye kamlilia, kamwambia angoje walau eda iishe, waende kwa daktari. Hilo kakubali. Sheikh kapigiwa simu, kasema hapana, kafara ni ya aliyeua kwa yakini. Unajua kamjibuje sheikh? Kamwambia, wewe hukukisikia kikohozi changu."

Nikauliza kama hakujua kuwa wengi waliugua nyumba ile. Mke wangu akasema Bi mkubwa alikwisha kuuliza. Siku mbili kabla mumewe hajafa alimtuma bintiye amuulize meneja kwa simu kama kuna maradhi mle ndani, na meneja akajibu kuwa hakuna, ni mafua ya kawaida ya baridi.

Nilikaa na habari ile siku nzima. Homa ya mafua ingeandikwa kwenye cheti, angejua ilikuwa mjini na ilikuwa nyumbani mle, na kwamba mtu hahitaji leso ya mkewe ili aipate. Neno lililomwelekezea kidole ni neno nililoliomba mimi. Lakini kumpelekea habari kwamba "huenda" kusingefaa. Mwanamke anayemkatalia sheikh hatamsikiliza karani. Ilibidi nijue: je, homa ilikuwa mle kabla ya Jumapili yake? Nilikuwa na miezi mitatu na siku kidogo.

Nilianza mahali ambapo mtu yeyote angeanza, kwenye kitabu cha vifo cha ofisi. Meneja alinipa bila tabu. Alikuwa Mwingereza wa makamo, mchapakazi, aliyejua siku ya kuzaliwa ya kila mkazi. Kwa majira yale kitabu kilikuwa na vifo vitatu: moyo, uzee, na nimonia ya mzee wetu. Nikamuuliza wale waliochukuliwa na gari la wagonjwa wameandikwa wapi. Akanionyesha kitabu kingine. Mbele ya kila jina: "amehamishiwa hospitali". Basi. Mtu akishavuka mlango ule, hesabu yake haikuwa yetu tena.

"Walirudi?" nikauliza.

"Wengine."

"Tulikuwa na homa ya mafua."

"Tulikuwa na baridi," alisema. Kisha akaweka kalamu chini. "Sikiliza. Nikilitamka neno hilo, nafunga mlango. Hakuna anayeingia, hakuna anayetembelewa. Wewe unajua kina nani wanaishi kwa kutembelewa. Nani alipimwa hapa? Hakuna. Basi siwezi kusema nisichokijua."

Hakusema uongo. Ndilo lililonishangaza baadaye, nilipoyaweka yote pamoja: sikumpata hata mtu mmoja aliyesema uongo.

Aliyenisaidia alikuwa mama wa Kikongo wa chumba cha kufulia. Kiswahili chake na changu vilikutana nusu ya njia, na alikuwa akiniita papa ingawa tulilingana umri.

"Papa, wewe uko natafuta wafu kwa kitabu?" alisema, akikunja mashuka. "Kuya huku kwa nguo."

Nguo zote za wakazi zilikuwa na vibandiko vya majina, naye alizijua kama anavyojua watoto wake. Mtu aliyelazwa hospitali, familia hufuata nguo mbili tatu za kulalia. Mtu aliyekufa, familia hufuata mfuko mzima.

"Mwenye chumba nane, binti yake alibeba yote, hata soksi ya mguu moja. Chumba kumi, yote. Chumba tatu, yule mama wa redio, yote na redio. Mtu mwenye uhai haachi kuvaa, papa."

Tulizipita tarakimu za vyumba vyote vya nyumba. Nane waliohamishiwa hospitali walikuwa wamefuatiwa mifuko mizima. Sikuridhika na mifuko. Nikaziandikia familia zile nane barua fupi ya pole, nikasema niliwahudumia wazee wao na ningependa kujua hali. Zilijibu zote, nyingine kwa kadi, moja kwa simu. Wote nane walikuwa wamekufa. Mtoto wa bwana wa chumba cha tisa alinieleza kuwa hospitali ilimpima babaye kwa pamba ya puani na kukuta homa ya mafua. Kwenye cheti chake iliandikwa nimonia.

Nane na watatu, kumi na mmoja. Huyo wa moyo alikohoa siku tano kabla ya moyo, na huyo wa uzee alikuwa na uzee uleule mwezi uliotangulia naye akicheza karata. Niliiandikia ofisi ya afya ya eneo letu, nikauliza ni vifo vingapi vya homa ya mafua vilivyoripotiwa kutoka kwenye anwani ile. Majibu yalichukua wiki tano. Yalikuwa ya adabu. Hakuna kifo chochote cha homa ya mafua kwenye anwani hiyo. Takwimu zao hutokana na vyeti.

Mke wangu aliisoma barua ile akanirudishia. "Sasa umemthibitishia kuwa hakukuwa na homa."

"Barua si ushahidi wa homa. Ni ushahidi wa vyeti."

"Kamwambie hivyo kizuka wa watu aliye edani uone."

Alisema kweli. Idadi peke yake haikumsaidia Bi mkubwa. Wote kumi na mmoja wangeweza kufa baada ya Jumapili yake, na mtu wa tabia yake angejibebesha kumi na mmoja. Alichohitaji ni siku. Nani aliugua lini? Kwenye maandishi ya ofisi ugonjwa unaanza siku daktari alipoitwa, na daktari aliitwa mtu alipokwisha kuzidiwa.

Nilikuwa mezani kwangu nikifanya zoezi la sehemu za desimali nilipoigeuza karatasi kutafuta nafasi zaidi, nikaona mwandiko wangu: "Chumba 3, kitandani. Hakula." Mbele ya karatasi kulikuwa na tarehe.

Nilizitoa zote. Zilikuwa kwenye sanduku la viatu chini ya kitanda, hazikufuata tarehe, kwa kuwa nilizipanga kwa mazoezi. Mke wangu aliondoa vyombo mezani bila kuambiwa. Ilituchukua mchana mzima wa Jumapili kuzirudisha kwenye mpangilio wa kalenda, yeye akisoma tarehe na mimi nikiweka. Alasiri kulikuwa na majira mazima ya baridi juu ya meza, ya vyumba kumi vya upande wa mashariki, kila mtu na uji wake.

Mama wa redio, chumba cha tatu, alibaki kitandani Jumatatu, siku sita kabla ya Jumapili ya Bi mkubwa. Jumatano wakawa wanne. Ijumaa sita. Jumamosi karatasi ilikuwa na "kitandani" nyingi kuliko uji. Na chumba cha saba, Jumamosi: "Ukumbini. Uji nusu. Anaomba maji tu. Analalamika kichwa."

Jumamosi. Siku moja kabla.

"Soma tena," mke wangu alisema.

Nikasoma tena.

"Alhamdulillah," akasema, akasimama kwenda kuweka chai, na mimi nikabaki nikitazama mwanzo wa mstari. Kwa desturi yangu, nikishapata jibu huanza tena tangu juu kuhakikisha. Ndipo nilipoona karatasi mbili za mwandiko usio wangu. Jumatano na Alhamisi ya wiki iliyotangulia kuugua kwa mama wa redio. Mwandiko wa mtu wa wakala wa vibarua, tiki tupu, hakuna maelezo.

Nilijua nilikuwa wapi siku zile mbili. Nilikuwa nyumbani, nina homa, mifupa inaniuma, blanketi mbili. Ijumaa asubuhi simu ililia: watu watatu hawapo, je, ninaweza? Nikameza vidonge, nikaenda. Ijumaa ile mwandiko ni wangu. Chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mama wa redio nilimlisha mwenyewe kwa kijiko, kwa kuwa mikono yake ilitetemeka, nami nilikuwa nikigeuza uso pembeni kukohoa. Nilidhani kugeuza uso kunatosha.

Nilimwita mke wangu nikamwonyesha.

"Inaweza kuwa mwingine," alisema. "Watu wote mji mzima walikuwa wanaumwa."

"Inaweza."

"Utamwambia?"

"Akiuliza."

"Ataniuliza mimi kwanza," alisema. "Na mimi nitanyamaza. Jambo hili ni lako."

Eda iliisha siku ya Jumanne. Nilikwenda Alhamisi mchana na sanduku la viatu kwapani. Bi mkubwa alikuwa amepungua, lakini alikuwa amevaa kanga mpya na amejipaka wanja kidogo. Bintiye alichukua ruhusa kazini. Alikaa upande wa pili wa meza. Huyu anaelewa Kiswahili chote, na hujibu kwa Kiingereza. Aliniambia kwa sauti ya chini kuwa mama yake ameshanunua tende za futari na anaanza Jumatatu, na kwamba hawajapata nafasi kwa daktari mpaka wiki ijayo.

"Usinong'one na mwanangu," Bi mkubwa alisema. "Umeniletea viatu?"

"Nimekuletea uji, Bi mkubwa."

Nikazipanga karatasi mezani, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Alivaa miwani. Nilimweleza pole pole, siku moja moja, chumba kimoja kimoja. Nilipofika Jumamosi aliweka kidole juu ya chumba cha saba.

"Hapa pameandikwa nini?"

Nikamsomea.

"Jumamosi?"

"Jumamosi asubuhi."

"Mimi nilikuja na kikohozi Jumapili."

"Ndiyo."

"Unaapa?"

"Siapi. Niliandika siku ileile, na sikujua kama nitaulizwa. Kuandika kule ni zaidi ya kiapo changu cha leo."

Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akasoma tarakimu mwenyewe. Binti alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Basi na mimi nilikitoa wapi?"

"Humo humo, kwa ninavyoona. Ulikuwa ukikaa naye kila siku."

"Na humo nani alikiingiza?"

Binti alisema kwa Kiingereza kwamba hilo si la kuulizwa. Mama hakumtazama. Alinitazama mimi. Nikavuta zile karatasi mbili za mwandiko wa wakala, na ile ya Ijumaa, nikamweleza. Nikasema haina yakini, ila ndiyo inayoelekea zaidi. Kisha, kwa kuwa nilikwisha kuanza, nikamweleza na cheti: alichosema daktari, na nilichomwomba.

Basi lilipita chini ya dirisha.

"Nimonia," alisema. "Hilo neno ulilichagua wewe."

"Daktari aliliandika. Mimi nilimwomba atakaloweza kuliandika upesi."

"Miezi minne nimelala nalo, nimeamka nalo. Nimeitazama ile leso nikataka kuichoma. Na wewe ulikuwa hapo mtaa wa pili unajua."

"Nilijua nusu. Nusu sikutaka kukuletea."

"Nusu ungeniletea!" alisema kwa sauti kali, na binti akashituka. "Mtu mwenye njaa humletei nusu?"

Alizikusanya karatasi akaziweka sawa, kona kwa kona, akazirudisha mbele yangu.

"Ulitaka azikwe Ijumaa," alisema kwa sauti yake ya kawaida.

"Ndiyo."

"Ungeniuliza siku ile, na mimi ningesema Ijumaa." Akapumua. "Wewe umefunga?"

"Nimefikiri."

"Usifunge. Sheikh kasema nini? Yakini. Una yakini?"

"Sina."

"Basi mimi nina pungufu ya hiyo yako, na kumbe nilishanunua tende." Akamgeukia binti. "Zile tende zitakwenda mezani leo. Kaipue chakula."

Binti alikwenda jikoni. Nilisikia bomba la maji likifunguliwa na kuachwa wazi muda mrefu, na sikutazama upande ule.

"Wangapi?" Bi mkubwa aliuliza.

"Kumi na mmoja, mzee akiwemo."

"Wasome."

Nilikuwa na orodha mfukoni. Nikawasoma kwa majina na vyumba. Katikati alinikatiza. "Huyo ni yule wa redio?" Ndiyo. "Na huyu ndiye aliyekuwa akimwita mume wangu profesa?" Ndiyo huyo. Mwingine alimkumbuka kwa kiti: alimpisha Bi mkubwa kiti chake kila siku, mtu wa miaka tisini anasimama kumpisha mtu wa sabini. Hakujua kuwa amekufa. Alidhani amehamishwa.

"Na serikali inao wangapi?"

Nikamwonyesha barua. Akaitazama ingawa hakusoma Kiingereza, akaniuliza mahali penyewe tarakimu ilipo, nikamwonyesha: hakuna.

"Waandikie tena," alisema. "Uwaambie yote, na hilo la Ijumaa, na hilo la cheti. Usinifichie wala usijifichie."

"Watajibu vilevile, Bi mkubwa."

"Wajibu. Mimi nataka barua iwepo. Waambie mume wangu ni mmoja wao, na mkewe anasema hivyo."

Niliiandika pale pale mezani, kwenye karatasi safi, kwa Kiingereza, nikimfasiria kila sentensi. Alinirekebisha mahali pamoja: niliandika kuwa mzee alikuwa mgonjwa wa kupooza, akasema niongeze kuwa alikuwa mwalimu. Binti alirudi na wali, samaki na sahani ya tende, akasoma barua kwa juu, akasahihisha tahajia mbili.

Nikatia sahihi. Bi mkubwa alichukua kalamu, akaandika jina lake chini ya langu kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, taratibu, kutoka kulia. Kisha akanirudishia kalamu, akajidunga sindano yake, akavuta sahani.